Nikikohoa mkojo wanitoka. Nikubali kuwekewa mkanda?

SWALI

Assalaam aleikum Mama Mkunga,

Barua hii nimeiandika na kuifuta sijui mara ngapi. Leo naituma kabla sijabadili nia, kwa hivyo nistahamilie kama maneno hayakupangika.

Mie ni mama wa watoto wanne, nina miaka 48, twakaa Majengo, ghorofa ya tatu. Wote nimewazaa kwa njia ya kawaida, na kifungua mimba alikuwa na kilo nne na ushei, nikashonwa. Baada yake nilikuwa nikipiga chafya natokwa na tone, lakini mamangu akaniambia ni mambo ya uzazi, yatapita. Yakapita kweli, kisha yakawa yanarudi kila mimba, na sasa ni miaka mitatu hayaondoki. Nikikohoa, unatoka. Nikicheka, unatoka. Nikiinua mtungi wa maji unatoka mpaka wapita kwenye dera. Na maji ya kwetu wayajua: mfereji waweza kukauka wiki nzima, twanunua ya mkokoteni, na kijana ayaacha chini kwenye lango kama hukumpa cha juu. Nayapandisha ngazi mwenyewe.

Tangu mwaka jana nilipoanzishiwa dawa za presha nina kikohozi kikavu kisichoisha, usiku ndio zaidi, basi mambo yamezidi. Na siku hizi kuna jengine. Nikirudi kutoka Kongowea, nikifika tu mlangoni na kutia ufunguo, mkojo wanibana ghafla na mara nyengine haungoji nifungue.

Nimepunguza kunywa maji. Navaa pedi kila siku, na nikitoka natia leso ya akiba kwenye mkoba. Harusini nakaa karibu na choo, chakacha naitazama tu. Kinachoniumiza zaidi ni swala. Natawadha, nasimama, nikienda rukuu nahisi tone. Nakata swala, natawadha tena, naanza upya. Ramadhani iliyopita sikwenda tarawehe hata usiku mmoja, nikawaambia wanangu goti laniuma. Mume wangu hajui lolote. Ajualo ni kwamba namkimbia usiku, na naona ameanza kudhani mengine.

Mwezi uliopita nikajipa moyo, nikaenda kwa daktari wa hospitali ya binafsi. Akaniuliza maswali mawili matatu, akasema ni operesheni ndogo ya nusu saa, wanaweka mkanda chini ya njia ya mkojo, na siku hiyo hiyo narudi nyumbani. Nikaona mwanga. Nimepewa tarehe, mwisho wa mwezi ujao, na naambiwa niweke amana. Sasa binti yangu aliye chuoni amesoma kwenye simu akanijia analia: Mama usikubali, huo ni wavu wa plastiki, Uingereza wameupiga marufuku, wanawake wamelemaa. Dada yangu wa Kisauni naye asema jirani yake aliwekewa na sasa anacheza chakacha mpaka alfajiri.

Nimsikilize nani? Hakuna njia nyengine? Na swala zangu zinakuwaje?

Mwenye haya, Majengo

JIBU

Wa aleikum salaam dada yangu,

Umefanya vizuri kuituma. Wanawake wengi huniletea jambo hili wakiwa wameshainuka kuondoka, mkono kwenye kitasa, baada ya kuzungumza nami nusu saa juu ya mambo mengine. Wewe umelieleza lote, tena kwa namna itakayomsaidia daktari kuliko unavyodhani.

Jibu lenyewe ni hili. Mkanda ni operesheni nzuri, imechunguzwa sana, na huenda mwisho wa yote ikawa ndiyo itakayokufaa. Lakini tarehe uliyopewa iahirishe. Umeshapangiwa kisu, na kwa barua yako sioni aliyekupima vilivyo, aliyekuuliza kuhusu kikohozi, wala aliyekufundisha mazoezi. Mkanda huwekwa ukae maisha yako yote. Miezi michache ya kujitayarisha haitakudhuru, kwa sababu ugonjwa huu unakera na unadhalilisha lakini hauui.

Nianze na kikohozi, maana nilipofika kwenye sentensi ile nilisimama. Chukua pakiti ya dawa zako za presha usome jina. Likiwa linaishia na "pril", kama enalapril, lisinopril au captopril, umeshampata mshukiwa. Dawa za kundi hili ni nzuri kwa presha, ila huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu cha kukereketa koo, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Zipo nyingine, kama losartan, ambazo kwa kawaida hazina shida hiyo. Usiache dawa kwa uamuzi wako, tafadhali. Presha iliyoachiwa huleta kiharusi. Nenda kliniki yako ukaseme: nakohoa tangu nianze hizi, na kila nikikohoa mkojo unanitoka. Waambie sentensi yote, usiishie katikati. Wakikubadilishia, kikohozi huchukua wiki kadhaa kutulia. Na kwa kuwa kimezidi wiki mbili, wakupime na kifua kikuu, ndivyo inavyotakiwa hapa kwetu. Ikiwa kwenye pakiti kumeandikwa prazosin au doxazosin, litaje pia, kwani hizo hulegeza shingo ya kibofu. Kumwekea mkanda mtu anayekohoa usiku kucha ni kuupa mkanda kazi ngumu tangu siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye ufunguo na mlango. Dada yangu, wewe una mivujo miwili, na kila mmoja una sababu yake.

Ule wa kukohoa, kucheka na kuinua mtungi hutokana na kulegea kwa kinachoushikilia mrija wa mkojo kutoka chini. Ukikanyaga mpira wa kumwagilia maji juu ya saruji, unafungika na maji hukatika. Ukiukanyaga juu ya mchanga, unazama tu na maji yanaendelea kwenda. Ndivyo ilivyo ndani ya nyonga. Tumbo linapobana ghafla, mrija unatakiwa ugandamizwe juu ya sakafu imara ya misuli na nyuzi. Uzazi wa kawaida, hasa wa mtoto mkubwa, huinyoosha sakafu hiyo. Miaka ikienda na hedhi ikikaribia kukoma, nyama za huko hupungua unene na nguvu. Kikohozi, choo kigumu, unene na kubeba vizito humalizia.

Ule wa mlangoni ni kibofu chenyewe. Msuli wake unajikaza bila ruhusa yako, na ishara kama ufunguo, sauti ya maji au baridi huuamsha. Huo mkanda hauutibu. Wako wanawake ambao baada ya operesheni ule wa kukohoa ukakoma na huu wa kubanwa ghafla ukabaki, hata ukazidi, wakaona wametapeliwa. Daktari wako ulimwambia habari ya ufunguo? Kama hukumwambia, hajui nusu ya ugonjwa wako.

Huu wa pili hutibiwa kwa kukifundisha kibofu. Mkojo ukikubana kabla ya wakati, usikimbie. Simama au kaa, kaza misuli ya chini mara kadhaa, ngoja ile hamu ipite, ndipo uende chooni kwa mwendo wako. Siku zinavyokwenda, ongeza muda kati ya choo na choo. Punguza kahawa chungu na chai ya majani mengi, kwani kafeini humchokoza aliyekwisha chokozeka. Dawa za vidonge zipo pia, daktari akiona haja. Na maji rudi kuyanywa. Kwa joto la Mombasa, kujinyima maji kunaufanya mkojo uwe mkali, nao mkojo mkali unakikera kibofu. Choo nacho kinakuwa kigumu, unasukuma, na unailegeza ile ile sakafu tunayotaka kuiokoa.

Kuna mvujo wa tatu, ambao wewe huna, lakini najua atakayesoma hapa anao. Ni mkojo unaotiririka usiku na mchana bila kukohoa wala kubanwa, ulioanza baada ya uchungu wa muda mrefu wa kuzaa au baada ya operesheni. Hiyo ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayaizibi na mkanda hauihusu. Hushonwa na daktari aliyeisomea, na hapa Kenya huwa kuna kambi za kuitibu bila malipo. Mwenye hali hiyo asikae nayo.

Kabla ya mtu yeyote kukupeleka chumba cha upasuaji, vipimo vifanywe. Mkojo upimwe maambukizi, na damu ipimwe sukari. Daktari wa wanawake akuangalie ukeni aone kama kibofu au kizazi kimeshuka. Akwambie ukohoe kibofu kikiwa kimejaa, aone kwa macho yake mkojo unavyotoka. Usione haya, hicho ndicho kipimo chenyewe. Baada ya kukojoa upigwe picha ya ultrasaundi kuona umebakisha kiasi gani. Na wewe mwenyewe uende na daftari. Kwa siku tatu andika kila unachokunywa na saa, kila unapokojoa na ni kiasi gani (jagi la plastiki lenye alama za mililita latosha, liweke chooni lisiguswe na mwingine), na kila ulipovuja ulikuwa unafanya nini. Kurasa hizo zitamwonyesha daktari ni mvujo upi unaokusumbua zaidi. Yote haya yanawezekana katika kliniki ya wanawake ya Hospitali ya Rufaa ya Pwani, si lazima uende kwa gharama kubwa.

Mazoezi nitayakalia kidogo, kwa sababu najua utasema umeshayasikia. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alichapisha namna ya kuimarisha misuli ya nyonga baada ya uzazi, na mpaka leo miongozo ya matibabu ya Uingereza humtaka mwanamke mwenye mvujo wa kukohoa afanye mazoezi hayo kwa uangalizi angalau miezi mitatu kabla ya jambo jingine. Tatizo ni kwamba mara nyingi huambiwa kwa mdomo tu, "kazakaza huko chini", na wengi wakiambiwa hivyo hukosea: husukuma kwenda chini badala ya kuvuta kwenda juu, wakawa wanajiharibu wenyewe.

Fanya hivi. Lala chali au kaa kitini. Kaza nyuma kama anayezuia upepo usimtoke mbele ya wakwe, kisha kaza na mbele kama anayekata mkojo, uvute vyote kwenda ndani na juu. Makalio yawe yamelegea, mapaja yamelegea, na pumzi iendelee kutoka na kuingia. Shikilia kadiri unavyoweza, ukilenga kufika sekunde 10 baada ya wiki kadhaa. Legeza kabisa kwa muda ule ule. Rudia mara nane, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Wewe unaswali, basi usihangaike kutafuta saa: baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri na baada ya isha, ukiwa bado juu ya mswala. Usiyafanye wakati wa kukojoa. Na ujifunze kukaza kabla ya kukohoa, kabla ya kupiga chafya, kabla ya kuinua. Wanawake wengi huona nafuu kwa hili peke yake, hata misuli haijapata nguvu.

Muombe daktari akuandikie kwenda idara ya fiziotherapia, nawe uombe mtaalamu mwanamke aliyesomea nyonga. Kwa ruhusa yako ataingiza kidole ahisi kama unavuta au unasukuma. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mazoezi na kujidanganya, na ndiyo sababu nasisitiza uende.

Ule mtungi wa lita 20 una kilo 20. Hakuna msuli uliokwisha choka utakaopona huku unaupandisha mpaka ghorofa ya tatu. Mpe kijana wa mkokoteni hicho cha juu anachotaka, au wanao wapandishe, au ununue mitungi ya lita 10 uibebe mmoja mmoja. Tena ikiwa mwili umeongezeka, kuupunguza ni dawa: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta wanawake wanene waliopunguza wastani wa asilimia 8 ya uzito wao mara walizokuwa wakivuja kwa wiki zilipungua kwa asilimia 47. Ipo pia pesari, kitu laini cha silikoni kinachovaliwa ukeni kuuegemeza mrija, waweza kukivaa siku ya harusi na kukivua ukirudi. Uliza kama kliniki yako inazo.

Tuseme sasa umefanya hayo yote, kikohozi kimekwisha, miezi mitatu minne imepita, na bado dera linalowa. Hapo mkanda una haki ya kuzungumziwa.

Operesheni hii ilienezwa na profesa wa Sweden, Ulf Ulmsten, wa Uppsala, aliyeichapisha mwaka 1996. Ni utepe wa nyuzi za plastiki iitwayo polipropilini, upana wake kama sentimita moja. Hukatwa sehemu ndogo ukeni, utepe ukapitishwa chini ya katikati ya mrija wa mkojo, ukalazwa pale bila kukazwa. Ncha zake hupitia moja ya njia mbili: nyuma ya mfupa wa kinena zitokee juu yake, au kando, kwenye mikunjo ya mapaja. Ulmsten alikuwa akitumia ganzi ya mahali pale tu, mgonjwa akiwa macho, na humwambia akohoe pale pale mezani ili ajue utepe aulegeze kiasi gani. Siku hizi wengi hudungwa sindano ya mgongoni au hulazwa usingizi. Nusu saa uliyoambiwa ni kweli, na kurudi nyumbani siku hiyo au ya pili yake ni kweli.

Matokeo je? Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, wa wanawake 597, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja vipimo vilionyesha mafanikio kwa asilimia 80.8 ya waliopitishiwa nyuma ya mfupa na 77.7 ya waliopitishiwa mapajani. Lakini kwa maelezo ya wanawake wenyewe, mafanikio yalishuka mpaka asilimia 62.2 na 55.8. Nataka uzishike hesabu zote mbili. Jirani wa dada yako yumo ndani yake, tena ni mmoja wa wengi. Ila wapo ambao kipimo kimesema wamepona na wao wenyewe bado hawajaridhika, na mara nyingi ni kwa sababu ya ule mvujo wa ufunguo.

Binti yako naye hakusema uongo, mkumbatie. Julai 2018 Uingereza ilisimamisha mikanda hii pamoja na nyavu nyingine za ukeni, isipokuwa kwa hali chache maalumu. Julai 2020 ikatoka ripoti iliyoongozwa na Baroness Julia Cumberlege, na ilieleza jinsi wanawake walivyolia kwa maumivu miaka mingi wakaambiwa ni mawazo yao. Lile ni jambo zito na lilinihuzunisha sana. Lakini kuna kitu binti hakukiona kwenye simu. Madhara yalikuwa mengi zaidi kwa waliowekewa nyavu kubwa ukeni kuinua viungo vilivyoshuka. Hizo ndizo serikali ya Marekani iliamuru Aprili 2019 ziache kuuzwa. Mikanda ya mkojo haikuguswa na amri ile na inaendelea kutumika huko. Hata hivyo mkanda nao si mtakatifu. Kwa kadiri ya wanawake 2 katika 100, utepe hutokeza ukeni, na dalili zake ni uchafu, damu, au mume kuhisi kuchomwa. Wanaopitishiwa nyuma ya mfupa hupata zaidi tundu la kibofu wakati wa operesheni na ugumu wa kukojoa baadaye. Wanaopitishiwa mapajani hupata zaidi maumivu ya mapaja. Na kuutoa utepe wote ni kazi ngumu, kwa kuwa nyama zimeshaota ndani ya matundu yake. Ndiyo maana nasema usiingie kwa pupa.

Asiyetaka plastiki mwilini ana njia nyingine, na sidhani uliambiwa. Daktari aweza kukata ukanda wa utando mgumu wa tumbo lako mwenyewe akautumia badala ya utepe. Kidonda chake ni kikubwa, kupona ni polepole, na ugumu wa kukojoa mwanzoni ni mwingi zaidi, lakini ni nyama yako. Ipo pia ile ya kuushona ukuta wa uke na kuuning'iniza nyuma ya mfupa wa kinena, iitwayo Burch, ya tangu mwaka 1961. Daktari anayekupa chaguo moja tu muulize mengine yako wapi, na kama yeye hafanyi, akuelekeze kwa anayefanya.

Ukirudi kwake, kaa kitini usiinuke mpaka umejibiwa. Ameshaweka mikanda mingapi, na wangapi wamerudi na shida? Atatumia njia ipi kwako, na kwa nini hiyo? Atakiangalia kibofu kwa kamera kabla ya kumaliza, ahakikishe sindano haikukitoboa? Utepe ukileta matatizo, nani atautoa, na wapi? Bei uliyotajiwa ina utepe ndani yake au utepe unalipiwa kando? Kama umejisajili SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, pita dawati lao la bima kabla ya tarehe na upate jibu la maandishi. Daktari mzuri hachukii maswali haya. Akikasirika, umeshajibiwa.

Ukifika kufanyiwa, hutaruhusiwa kwenda nyumbani mpaka ukojoe na ionekane kibofu kimemwaga. Wengine hurudi na mpira wa mkojo kwa siku chache, na hilo halina maana kwamba mambo yameharibika. Wiki sita hakuna mtungi, hakuna ndoo, hakuna tendo la ndoa. Homa, damu nyingi, mkojo kukwama au maumivu makali ya mguu ni ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu swala, hukumu yenyewe aitoe mwanachuoni, lakini nenda kwake ukijua kwamba jambo hili si geni. Fiqhi ina mlango wake: asiyeweza kuuzuia mkojo wake hujisafisha, hujifunga, hutawadha wakati wa swala ukishaingia, akaswali na asiikate kwa tone lililomtoka lenyewe. Wako unakatika na kurudi, kwa hivyo mweleze ustadha au sheikh unayemwamini kwa undani: unatoka nikiinama, hautoki nikikaa, hautoki nikiwa nimetoka chooni. Maelezo hayo ndiyo yatakayobadilisha jibu. Huku ukingoja, kojoa kabla ya kutawadha, kaza misuli kabla ya kwenda rukuu na kabla ya kuinuka kutoka sijda, na utoe pumzi unapoinama badala ya kuibana. Tarawehe usijinyime tena kwa kukosa kuuliza.

Na mume mwambie. Mwambie kabla ya daktari mwingine, kabla ya operesheni yoyote. Huna haja ya hotuba: "Ninapokohoa mkojo unanitoka tangu nizae, naona haya, ndiyo maana nakukimbia, natafuta matibabu." Sasa hivi anaujaza ukimya wako kwa dhana, na dhana alizonazo ni mbaya kuliko ukweli. Kuna wiki sita za kutobeba na kutolala pamoja huko mbele, ukifika huko. Huwezi kuzificha kwa goti. Tena akijua, hiyo mitungi ya maji ina mtu wa kuipandisha.

Kesho asubuhi ipigie simu hospitali ile. Waambie unaahirisha, hujakataa, na utarudi ukiwa na vipimo na daftari lako. Kama amana umeshaiweka, waulize kwa maandishi kama itakusubiri au itarudishwa. Ukikata simu, chukua pakiti ya dawa zako za presha uende kliniki.

Mama Mkunga